Mawingu ya rangi tunayataka, milipuko Menengai hatuitaki

Kwa Mhariri,

Mimi ni mpiga picha wa sherehe hapa Nakuru. Riziki yangu inatoka kwenye harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), ubatizo na, siku hizi zaidi ya yote, sherehe za kutangaza jinsia ya mtoto ambaye bado yumo tumboni. Kuna jambo ambalo wateja wameanza kuliomba nami nalikataa, na ningependa wapiga picha wenzangu, waandalizi wa sherehe na wenye viwanja vya kukodisha walikatae pia kabla halijazoeleka.

Wateja huja na video kwenye simu. Mwanamume Mmarekani amelenga bunduki, na mbele yake kwenye uwanda mkavu kuna kisanduku. Anafyatua, kisanduku kinapasuka, wingu la samawati au la waridi linapaa, jamaa wanashangilia. Kisha naambiwa, "Dada, tufanyie hivi, kule juu Menengai," yaani kwenye volkeno iliyo juu ya mji wetu, "jua likielekea kuzama." Wengine huwa wamekwisha kupanga kila kitu: yuko mjomba mwenye bunduki ya leseni, au yuko kijana wa machimbo ya mawe anayeweza kuchomoa baruti kidogo.

Kilichomo ndani ya kisanduku kile si fataki. Ni shabaha ya kulipuka, ambayo Wamarekani wengi huijua kwa jina la biashara, Tannerite. Huuzwa ikiwa kemikali mbili zilizotengwa, moja ikiwa amoniamu naitreti, kemikali ile ile iliyolipuka katika bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020. Mnunuzi huzichanganya mwenyewe. Mchanganyiko huo haulipuki ukianguka chini. Hungoja risasi yenye kasi kubwa. Mlipuko ukitokea, unga wa rangi uliopakiwa pamoja nao hutawanyika hewani. Basi rangi hapo ni abiria tu. Anayeendesha ni kilipuzi.

Wanaonionyesha video hizo hukatiza mahali pazuri. Ipo moja ya Arizona, ya tarehe 23 Aprili 2017, iliyotolewa baadaye na Huduma ya Misitu ya Marekani, na naomba kila mama mtarajiwa aitazame hadi mwisho. Risasi inapiga, wingu la samawati linatokea, na papo hapo, chini ya wingu hilo, nyasi zinashika moto. Hakuna anayepata nafasi ya kushangilia. Wanaanza kuambiana wafungashe vitu. Moto ule uliteketeza takriban ekari 47,000. Hifadhi ya Ziwa Nakuru, pamoja na maji yake, ina kilomita za mraba 188, ambazo ni kama ekari 46,500. Hebu fikiria hifadhi yetu nzima, kuanzia lango kuu hadi upande wa pili wa ziwa, imekuwa majivu kwa sababu baba mmoja alitaka kutangaza kwamba atapata mtoto wa kiume. Hasara ilipita dola milioni 8. Mtu yule alikiri kosa mahakamani, akaamriwa alipe fidia na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka 5.

Sasa tuje kwetu. Yeyote aliyepanda Menengai mwezi wa Februari anajua nyasi za kule zinavyokuwa: za rangi ya majani ya chai makavu, zinavunjika mkononi. Leleshwa, kile kichaka cha huko, nalo lina mafuta, huwaka hata likiwa bichi. Upepo wa alasiri hauna huruma, na chini ya mteremko kuna nyumba za watu Milimani na Kiamunyi. Tumeshaona moshi ukipanda kutoka msitu ule wakati wa kiangazi bila bunduki ya mtu yeyote.

Kuna pia suala la mlio. Mwezi wa Aprili 2021, huko Kingston, New Hampshire, familia moja ililipua kilo zipatazo 36 za mchanganyiko huo ndani ya machimbo ya mawe, wakidhani machimbo ni mahali salama. Nyumba za majirani zilitikisika, watu wakadhani ni tetemeko la ardhi. Nakuru ina watu wengi ambao mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, walilala chini ya vitanda wakisikiliza milio. Mama yangu ni mmoja wao. Mpaka leo tairi la lori likipasuka barabarani huacha anachofanya na kuanza kuita majina yetu. Sitaki furaha ya mteja wangu imrudishe huko.

Kuhusu sheria sina mengi ya kusema, kwa kuwa iko wazi. Tuna Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Leseni ya mjomba si ruhusa ya kufyatua risasi kwenye karamu, na baruti ya machimbo haitoki machimboni kwenda kupamba sherehe.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mlipuko hautoi hata picha nzuri. Lazima wazazi wasimame mbali sana, kwa hiyo kwenye picha wanakuwa vijitu viwili vidogo vilivyonipa mgongo. Wingu lenyewe limechanganyika na vumbi la udongo na moshi, na halikai. Mimi picha ninayoitafuta ni uso wa mama pale rangi inapojitokeza, na mkono wa baba unaomshika begani bila yeye kujua.

Ninavyofanya ni hivi. Unga ni wa konifulawa, unakorogwa na rangi ya keki na maji, unaanikwa kivulini siku mbili tatu hadi ukauke kabisa, kisha unapondwa na kuchekechwa kwa chekecheo la chai. Ukiachwa na mabonge huanguka kama kokoto. Ukichekechwa vizuri huelea. Tunaumwaga katikati ya leso (kanga), mashangazi wanne wanashika pembe, na kwa kuhesabu moja, mbili, tatu wanairusha juu. Saa kumi na moja na nusu, jua likiwa nyuma ya wingu la unga na mikaratusi yenye giza ikiwa mandhari, rangi inawaka kuliko video yoyote ya bunduki. Asiyetaka leso atumie mirija ya hewa iliyobanwa, ile inayozungushwa kitako unga ukaruka. Mama mjamzito asimame upande upepo unakotoka, na wenye pumu wakae kando.

Hata hivyo unga huo unataka heshima. Konifulawa ikitanda hewani karibu na moto hulipuka kwa miali. Tarehe 27 Juni 2015 huko Taiwan, kwenye tamasha la rangi katika bustani ya michezo ya maji, unga wa rangi ulishika moto. Watu 15 walifariki na mamia wakaungua. Ndiyo maana kabla ya leso kurushwa namwomba mchoma nyama ahamishe jiko au alizime kwanza. Wengine hununa. Mikebe ya moshi wa rangi nayo huwaka kwa joto kali: kifaa cha moshi ndicho kilichowasha moto wa El Dorado huko California tarehe 5 Septemba 2020, zaidi ya ekari 22,000 zikaungua na mzimamoto mmoja akafa. Mkebe usiwekwe kamwe kwenye nyasi kavu.

Naiomba Kaunti ya Nakuru na Huduma ya Misitu ya Kenya ziweke bango kwenye njia ya kupandia Menengai linalokataza milipuko, fataki na mikebe ya moshi, hasa kati ya Januari na Machi. Wenye viwanja waandike katazo hilo kwenye mkataba wa kukodisha, pale pale wanapoandika bei ya hema. Na wapiga picha wenzangu, mteja akikuonyesha ile video, mwambie aitazame hadi mwisho, kisha umwonyeshe picha ya leso.

Mpiga picha wa sherehe,
Lanet, Nakuru