Kaka, Maurice Jarre hakutetei

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua unasoma humu, basi nakuandikia humu humu, maana simu zangu hupokei.

Siku ya arobaini ya Mama ulipopiga, mwanao alipokea akaweka spika ili sote tukusikie. Akakuuliza utakuja lini. Ukamjibu kwamba hata Maurice Jarre alimwacha mwanawe Ufaransa akaenda Marekani kutunga muziki wa filamu, na mtoto akawa Jean-Michel Jarre, mwanamuziki maarufu. Mashangazi walikuwa wanachambua mchele, mikono ikasimama. Siku hiyo sijaisamehe.

Mtoto aliniuliza hao ni nani. Nilimweleza vizuri, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha kumpenda mzee yule: kijana wa Lyon aliyeacha uhandisi akasomea ngoma Paris, akapewa wiki chache tu kutunga muziki wa Lawrence of Arabia, 1962, akaondoka na Oscar. Alipata tatu, zote kwa filamu za mwongozaji David Lean. Nikamwekea na ule wa Gorillas in the Mist, 1988, filamu iliyopigwa milimani Rwanda. Alitulia mpaka ukaisha, kisha akaupiga mluzi. Amekurithi, Kaka, tena sana.

Lakini nilimweleza na uliyoyaruka. Jean-Michel alikuwa na miaka mitano wazazi wake walipoachana. Aliyemlea ni mama yake, France Pejot, mwanamke aliyepambana na Wanazi, na kule Lyon walikuwepo babu na bibi. Utu uzimani amesema hadharani jinsi pengo la baba lilivyomuumiza. Oxygène, albamu yake ya 1976, ina jasho la waliobaki naye.

Mpigie mtoto, si mimi. Muulize anasoma nini, anacheza na nani. Usimtumie viatu bila kujua mguu umekua.

Na kinanda, kwa kuwa umewatangazia ndugu wote: ndiyo, nilikiuza. Ada ilifika, pesa yako haikufika. Ulitaka nifanyeje? Mama nimuuguze mimi, mtoto nimlee mimi, na kinanda nikifute vumbi mimi? Risiti ya shule ninayo. Atakayetaka kuiona aje nyumbani.

Desemba shule zinafungwa. Nauli ikipungua sema, tutachanga. Kwa ajili yako sijawahi kukataa kuchanga.