Mama Zaina, nitafutie ile picha ya harusi

Jumapili jioni

Mpenzi Mama Zaina,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mvua imeanza, leo hata Mwamba wa Tororo hatukuuona kwa mawingu. Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna kitu nakitaka kwako, na ni lazima nikueleze kisa chote ndipo ujue kwa nini nakisumbukia hivi.

Unaikumbuka mizigo, vile vyumba vya kupanga ulikokuwa ukikaa, ile ya nyuma karibu na kisima? Mwenyewe ameibomoa ili ajenge ghorofa. Minne ya mbele ameiacha, wapangaji wamo, na kodi anachukua. Kifusi chote amekirundika uani, hatua kumi tu kutoka milangoni kwao: matofali, vioo, mbao zenye misumari, na juu ya yote yale mabati mazito ya kijivu. Asbestosi, Mama Zaina. Tumelala chini yake miaka yote ile na hatukuwahi kuuliza.

Bati likiwa zima juu ya paa halina neno sana. Ubaya wake ni likivunjika. Vumbi lake ni nyuzi ambazo jicho halizioni. Zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani inaweza kungoja miaka 20, hata 30 na zaidi, ndipo ijitokeze. Sasa sikia: watoto wanaokota vipande vyake kwa sababu vinachora kama chaki. Nilimkuta kitinda mimba wangu akichora viboksi vya kurukia, mikono myeupe hadi viwikoni, anapuliza vumbi ili mstari uonekane vizuri. Nilimwogesha mara mbili. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasikiliza anavyopumua.

Tulianza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji. Akaita kikao chini ya mwembe, watu wakajaa. Kufika kwenye kutia saini, wapangaji wa ile mizigo minne wakarudi nyuma. Siwalaumu. Mmoja ana mtoto mchanga na kodi ya miezi miwili hajalipa. Anaogopa akisaini leo, kesho godoro lake liko barabarani. Ipo sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, inataka nyumba ya kupangisha ifae binadamu kukaa, lakini nani atakwenda kumsomea usiku akitolewa nje? Tukasaini sisi majirani, watu 23. Mzee mmoja akainuka akataja Kiteezi: jalala lile la Kampala watu walilalamika weee, mpaka Agosti 2024 likaporomoka likaua zaidi ya watu 30. Alipokaa hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Barua ikapigwa muhuri, tukaipeleka mjini. Mara ya kwanza afisa wa afya hayupo. Mara ya pili barua haionekani. Mara ya tatu tulikwenda wanawake saba, tukakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi alipotoka. Alikuja kweli, na haki yake nimpe, kazi yake anaijua. Alituambia tusifagie pale, tusivunje kitu, pakikauka tumwagie maji, tufunike na turubai mpaka waje watu wenye vifaa, wayafunge mabati kwa plastiki nzito wakayazike panaporuhusiwa. Mwenye nyumba naye akapewa siku 14.

Siku ya kumi likaja lori. Vijana wakasema wametumwa wayaponde yale mabati, wakajazie mashimo barabarani. Barabara hiyohiyo ya watoto wetu kwenda shule! Tulisimama langoni, mimi nimembeba mjukuu wa jirani mgongoni. Mwenyekiti akafika kwa boda, miguuni kandambili, na lori likaondoka tupu. Jioni mwenye nyumba akapiga simu: ile si asbestosi, ni vigae vya saruji vya kawaida, alivinunua mwenyewe baada ya kununua ploti, na sisi tunaona wivu kwa jengo lake.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Ile picha ya harusi ya dada yako, mliyopiga uani, wifi yako ameshika sinia: paa lote linaonekana nyuma yenu, na ninakumbuka mgongoni mwa picha iliandikwa tarehe. Wakati ule huyu bwana hakuwa amenunua hata tofali moja pale. Afisa anasema akiwa na ushahidi kwamba paa ni la zamani, ataandikia NEMA, mamlaka ya mazingira, waje wachukue kipande wakakipime.

Picha yenyewe usiitume, isije ikapotea njiani. Mwambie Zaina aipige kwa simu, mbele na nyuma, anitumie WhatsApp. Kisha andika karatasi moja kwa mkono wako: ulihamia lini, ulitoka lini, na paa lilikuwa la nini. Mpe dereva yule wa teksi za Jinja, mimi nitaipokea stendi.

Alhamisi tunarudi kwenye lile benchi. Ukiipata kabla ya hapo nipigie, hata iwe usiku wa manane. Turubai tumelifunga kwa kamba za mbuzi na upepo wa leo tayari umelifungua upande mmoja, kwa hiyo naishia hapa nikalifunge kabla giza halijaingia.

Wako,
Mama Sadiki