Barafu kusonga na barafu kupungua ni mambo mawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nisahihishe kauli moja ya makala mliyochapisha kuhusu mabadiliko ya tabianchi, iliyosema kwamba picha za setilaiti zinaonyesha barafuto za Greenland "zikitembea kurudi nyuma". Barafuto, yaani mto wa barafu, haipandi kurudi ilikotoka. Uzito wake wenyewe huiteremsha mwaka mzima. Kinachorudi nyuma ni ukingo wake, pale barafu inapokatika au kuyeyuka upesi kuliko inavyofika.

Kosa hilo si dogo, kwa kuwa mambo hayo mawili huweza kupishana. Sermeq Kujalleq, barafuto ya Greenland ambayo wengi huijua kwa jina la Jakobshavn, ilikuwa ikisonga takriban kilomita 5.7 kwa mwaka mnamo 1992. Kufikia 2003 ilifikisha 12.6, na katika kipindi hicho hicho ulimi wake uliokuwa ukielea baharini ukavunjika, ukingo ukarudi bara. Kwa lugha ya makala yenu, ilikwenda mbele na nyuma kwa pamoja.

Mwendo hupimwa kwa jozi ya picha za mahali pamoja zilizopigwa siku tofauti. Kompyuta huchukua kipande kidogo cha picha ya kwanza, chenye nyufa au mistari ya vifusi, ikakitafuta katika picha ya pili. Umbali kiliohama ukigawanywa kwa idadi ya siku, kasi imepatikana. Katika majira ya joto ya 2012 barafuto hiyo ilifikia mita 46 hivi kwa siku, kwa hiyo setilaiti ya Landsat, inayorudi mahali pamoja kila baada ya siku 16, ingeikuta imesogea zaidi ya mita 700. Miamba ya kando, isiyosonga, ndiyo mizani: ikionekana nayo imehama mita 5, hilo ni kosa la kipimo. Mawingu na giza la majira ya baridi huachiwa rada, isiyozuiwa nayo, kama ya setilaiti ya Sentinel-1 iliyorushwa 2014.

Kilimanjaro mliyoitolea mfano haingii hapa. Barafu ya tambarare ya juu ya Kibo karibu haisongi kabisa, na sisi tunaoitazama kutoka Moshi (mawingu yakituruhusu) tunaona ikipungua tu. Huko hupimwa eneo, lililozidi kilomita za mraba 11 mwaka 1912 na kushuka chini ya 2 kufikia 2011.

Naomba mchoro wa Greenland uliofuatana na makala urudiwe, mishale yake ikielekezwa baharini.

Mwalimu wa Jiografia,
Moshi.