Muziki wa usiku unafunika mayowe yetu Mabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wakazi wa milimani tunalizungumza kila siku. Viongozi wetu wakiulizwa habari za usalama wa Mwanza, hujibu kwa matukio: ujambazi umepungua, vibaka wamekamatwa, hali ni shwari. Siwabishii. Mimi naongelea hofu, na hofu haina RB ya polisi. Hakuna mtu anayekwenda kituoni kuandikisha kwamba siku hizi hatoki nje ikishafika saa mbili usiku.

Kwenye kikoba chetu tuliulizana nani ameacha kufanya nini. Mmoja ameacha mazoezi ya kwaya ya jioni. Mwingine amemwachisha binti yake twisheni, na mtoto yuko kidato cha nne, kwa sababu wakati wa kurudi kuna vijana wanaokaa katikati ya ngazi, hawampishi mtoto wa kike mpaka wamtukane au wamshike mkono. Mzee wetu mmoja sasa anaswalia alfajiri nyumbani, wakati msikiti anauona kutoka mlangoni kwake. Wote hao hawajaibiwa hata shilingi. Ukiwatafuta kwenye takwimu za uhalifu huwapati.

Asiyeijua Mabatini aelewe jinsi tunavyokaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,100,000 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu, na wengi wetu tumejenga juu ya miamba, nyumba imeinamia paa la nyumba nyingine. Ukianza kupanda kutoka barabara ya Nyerere, gari linabaki chini. Baadhi ya milima ya jiji imepata barabara za mawe, na waliozipata wanajua zilivyowasaidia, ila huku kwetu juu bado ni vichochoro na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Gari la polisi halifiki. Bodaboda haifiki. Mgonjwa tunamshusha akiwa ameketishwa kwenye kiti, watu wanne wakipokezana. King'ora chetu ni koo la mtu: ukivamiwa unapiga yowe, na atakayekuokoa ni yule aliyekusikia.

Sasa nani atakusikia? Ijumaa mpaka Jumapili, na siku hizi hata katikati ya wiki, baa iliyo chini yetu inaelekeza spika mlimani. Sauti inagonga mwamba, inarudi, inaingia kila dirisha. Kukiwa na kigodoro, ile ngoma ya kukesha, nyumba ya tatu, miziki miwili inashindana hadi alfajiri. Watu wakilalamika wanaambiwa ni starehe za vijana, mama vumilia. Wanadhani tunalilia usingizi.

Mwaka huu jirani yangu mmoja, mama anayefanya usafi zamu ya usiku, alinyang'anywa pochi kwenye ngazi akirudi. Walimsukuma, akavunjika mkono. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Nyumba iliyo hatua chache kutoka pale alipoangukia walikuwa macho, na walimsikia. Walidhani ni watu wanaoshangilia kwenye ngoma. Alikaa pale chini mpaka muziki ulipozimwa, ndipo akasikika. Kwenye maelezo yake polisi iliandikwa wizi na kujeruhiwa. Muziki haukuandikwa, na kwa maoni yangu ndio uliomwacha pale muda wote ule.

Mimi nimezaliwa Misungwi. Baba yangu alikuwa sungusungu, yaani mlinzi wa jadi, enzi zile za miaka ya 1980, walipoanza huku Usukumani kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijijini, kila mwanamume anatoka, na asiyetoka anatozwa faini. Mambo mengine ya sungusungu sitayatetea, maana walipiga watu, na wapo walioonewa kwa kusingiziwa uchawi. Lakini usiku wa kijiji ulikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa sehemu ya ulinzi. Mjini tumeleta jina la ulinzi shirikishi bila ule ukimya. Kwetu mchango unakusanywa kila mwezi, mara nyingi bila risiti, na walinzi wanazungukia kule chini kwenye lami ambako taa zipo tayari.

Kazi yangu ni kukaanga dagaa na kuuza. Anayeishi na ziwa anajua dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo sisi tunaowahi mwaloni alfajiri, kule mitumbwi inakoshusha dagaa, kazi inatuita katika siku zile zile ambazo ngazi haionekani. Nashuka na tochi ya simu mkononi, na simu yenyewe ndiyo inayowindwa. Wanawake wengi wa biashara hii wanashuka hivyo hivyo, na hela ya mtaji kiunoni.

Kuhusu vijana wa kijiweni, naomba nisieleweke vibaya. Wale wanaotukana na kushika watu tunawajua kwa sura na kwa wazazi wao. Lakini wengi wanaokaa pale ndio wanaotupandishia ndoo za maji na magunia, na mgonjwa akizidiwa usiku, ndio hao hao wanaobeba kile kiti. Ikija operesheni wanazolewa wote. Mwema anarudi na kinyongo, mkorofi anarudi na ujuzi. Na kibaka akishikwa na watu wenye hasira, tumeshaona mara ngapi mtoto wa mtu akipigwa mpaka afe kwa ajili ya simu? Sitaki usalama wa namna hiyo mtaani kwangu.

Ninachotaka ni kelele zihesabiwe kuwa suala la ulinzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na kanuni za kelele na mitetemo zilitoka 2015, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakuna pa kuanzia. Viroba, ile pombe kali ya vipaketi, vilipopigwa marufuku Machi 2017 wengi walisema haitawezekana. Lakini vile vipaketi vilivyokuwa vimetapakaa kwenye ngazi zetu kila asubuhi vilikwisha. Ingawa sasa ni vichupa vidogo vya plastiki, tuliona kwamba serikali ikitaka inaweza.

Namwomba mwenyekiti wetu wa mtaa aitishe mkutano Jumapili alasiri, kwa sababu ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi wanawake wa biashara hatupo, na tunaopita gizani ni sisi. Mwenye baa aitwe na asikilizwe, naye ana familia. Ageuze spika, apunguze sauti saa nne usiku na azime saa sita. Mwenye sherehe atoe taarifa kwa mtendaji. Mchango wa ulinzi uwe na risiti, na walinzi wapande huku juu wakiwa na filimbi. Jiji lituwekee taa za sola pale ngazi zinapokata kona, hata chache. Na polisi kata akija, kabla ya kuuliza kumetokea matukio mangapi, atuulize tunaogopa kupita wapi na saa ngapi. Tutamwonyesha ngazi kwa ngazi.

Mikono ya vijana wanaoshika watoto wetu tuachiwe kwanza sisi wazazi, mbele ya wazazi wao, kwenye mkutano huo huo. Wakirudia, majina tutayapeleka kituoni wenyewe.

Mama Kulwa,
Mabatini, Mwanza