YAH: KUTELEKEZWA KWA BINTI YANGU HOSPITALINI UJERUMANI

Meneja,
Kitengo cha Madai.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima. Barua niliyoiandika kwanza haikuwa nayo, nikaichana.

Masharti ya bima mmeyaandika wenyewe, sitawasomea. Nazungumzia usiku wa Ijumaa ile. Binti yangu, aliyekwenda Leipzig kwa kozi fupi ya Kijerumani, alikuwa kitengo cha dharura amejikunja kwa maumivu, altrasaundi imeshaonyesha kidole tumbo. Dripu wakamtundikia, lakini mtu wa hesabu akataka barua ya dhamana kutoka kwenu, la sivyo ilipwe amana. Nikapiga namba yenu ya dharura, ile iliyoandikwa "saa 24". Kijana wenu akanijibu: "Mama, barua za dhamana zinatoka Jumatatu. Mwambie avumilie, kidole tumbo siyo ajali."

Avumilie!

Siku ya kukata bima, hapo ofisini kwenu Posta, habari za Jumatatu hazikuwepo. Dada wa kaunta alinihesabia kila kitu: cheti ni cha euro 30,000, ndicho wanachotaka ubalozini kwa viza ya Schengen, kinalipia matibabu ya dharura, kulazwa, kumrudisha mgonjwa nyumbani, hata maiti, Mungu aepushe. Nikalipa kwa lipa namba, na ujumbe wa "asante kwa kutuchagua" ukaingia kabla sijafika mlangoni.

Narudi kwenye simu ile, maana mkuu wenu wa huduma kwa wateja aliniambia nimeongeza chumvi. Kijana yule hakuuliza jina la mgonjwa. Hakuuliza namba ya cheti. Aliposema "avumilie", simu ya mdogo wa binti yangu ilikuwa mezani, WhatsApp ipo hewani na binti mwenyewe, naye akasikia kwa masikio yake. Kisha nikamsikia kijana akimwambia mwenzake, "Mama wa Ujerumani huyo tena," wakacheka, simu ikakatwa. Binti aliniuliza, "Mama, wamesemaje?" ingawa alikuwa amesikia. Chumvi iko wapi hapo?

Amana ililipwa na Watanzania wa kule, waliochangishana usiku uleule kwa ajili ya mtoto wasiyemjua hata kwao ni wapi. Upasuaji ukafanyika. Nyinyi mliochukua ada yake mlikuwa mmelala.

Halafu mnaniletea barua pepe kwamba dai limekataliwa kwa sababu "ugonjwa ulikuwepo kabla ya safari" na kampuni "haikupewa taarifa kwa wakati". Taarifa gani tena, na mlinicheka nikiwa naitoa? Na kidole tumbo gani hicho kinachokaa tumboni kimya kikisubiri viza itoke? Daktari aliyempasua ameandika ripoti, mnayo. Aliyeandika sababu yenu hakuisoma.

Nilikusudia kudai amana na bili ya hospitali tu. Kadiri ninavyoandika naona haitoshi. Rudisheni na ada ya bima, kwa kuwa bima haikuwepo. Binti yangu aombwe radhi kwa maandishi, yeye mwenyewe, kwa jina lake. Na simu zenu huanza kwa kusema mazungumzo yanarekodiwa: rekodi ya usiku ule isifutwe, nitaihitaji.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, napeleka lalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mwanasheria ataendelea kutoka hapo. Wazazi wenzangu wanaosafirisha watoto mwaka huu wameshaanza kuniuliza wakate bima wapi. Mpaka sasa nawaambia wasubiri. Wakisikia ninachosubiri mimi, mtafunga kaunta ile.

Wenu,
Mzazi na mteja,
Tabata, Dar es Salaam.

Nakala: Kamishna wa Bima, TIRA (iko tayari kwenye bahasha, haijatumwa).