Vita vya Maji Maji vinahitaji anthropolojia pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu namna historia yetu inavyopaswa kuandikwa. Wapo wanaoshikilia kwamba mtazamo wa baada ya ukoloni umeifuta kazi ya anthropolojia, yaani taaluma ya kuchunguza watu na tamaduni zao, kwa kuwa wanaanthropolojia wa kwanza walikuja nyuma ya majeshi ya wakoloni. Sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa ni Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo watu wa kusini mwa Tanzania ya leo waliupinga utawala wa Wajerumani.

Hoja yao ina uzito ambao hakuna anayepaswa kuukwepa. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mjini Songea mwaka 1906, unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, wakati ambapo mafuvu ya Waafrika yalikusanywa na kupimwa huko kwa jina la sayansi ya binadamu. Hata Rais Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea mwezi Novemba 2023 kuomba radhi, ukoo ulikuwa bado unakitafuta. Taaluma iliyoshiriki katika jambo kama hilo ina deni, na deni hilo halijalipwa.

Mtazamo wa baada ya ukoloni umetufundisha kuuliza nani aliandika, kwa faida ya nani, na sauti ya nani ilizimwa. Kwa kuuliza hivyo tunatambua kwamba maofisa wa Gavana wa Kijerumani von Götzen, walipoeleza vita kama wazimu wa washirikina, walikuwa wanaficha kilimo cha pamba cha lazima, kodi na viboko vya maakida, yaani mawakala wa serikali hiyo. Lakini tukiishia hapo, tutabaki tumeinamia karatasi zilezile za Wajerumani, tukizikosoa ukurasa baada ya ukurasa, huku mtu wa Umatumbi, vita vilikoanzia, akiendelea kunyamaza. Kumkosoa aliyeandika hakutoshi kutuambia aliyeandikwa alikuwa anawaza nini.

Hapo ndipo anthropolojia inapohitajika. Kwa nini maji? Kwa nini watu wa lugha na tawala mbalimbali, kutoka mto Rufiji hadi Ungoni, waliikubali dawa ya maji, iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji, iliyotoka Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale? Jibu linaanzia katika imani zilizokuwapo kabla ya Mjerumani: mzimu wa Kolelo huko Uluguru, waliouendea watu kuomba mvua na mavuno, na dawa za maji zilizolinda mashamba. Anayezifahamu imani hizo haoni wazimu. Anaona watu wakiichukua dawa ya kulinda shamba na kuipeleka vitani, wakati ambapo shamba lenyewe lilikuwa limetekwa na pamba. Jambo hilo halipatikani kwa kusoma nyaraka peke yake. Linahitaji kukaa na wazee, kusikiliza lugha zao na kuheshimu matambiko yao.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililielewa hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wake walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, katika mradi walioushiriki wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa. Kazi ile naithamini sana, ingawa watafiti waliofuata wameonyesha kwamba maswali ya wakati ule yaliuelekea mno umoja wa taifa, hata ugomvi wa wenyeji kwa wenyeji na mateso ya wanawake katika njaa iliyofuata vikapata nafasi finyu. Kwa hiyo hata sisi tuliojitawala tunaweza kumnyima mwanakijiji neno lake, na mtazamo wa baada ya ukoloni hauna budi kutukagua sisi pia.

Ninachoomba ni hiki: vyuo vyetu vimwandae mwanafunzi wa historia kuhoji nyaraka na pia kuishi na watu anaowaandika, na masimulizi yaliyokusanywa wakati ule yachapishwe kwa Kiswahili, kwa bei ambayo shule za sekondari za Kilwa, Rufiji na Songea zitaimudu.

Msomaji wako,
Songea