Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Intaneti Kupitia Nyaya za Umeme na Usalama wa Masafa Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao na si kwa biashara, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha atazieleza Mhazini. Mimi nimeona niitumie nafasi hii kwa jambo moja lililojitokeza karibu katika kila kikao cha Kamati ya Utendaji, nalo ni kelele zinazoingia kwenye redio zetu kutokana na vifaa vinavyopitisha intaneti katika nyaya za umeme.

Wanachama wapya wameuliza tatizo hili linatoka wapi. Waya wa umeme ulitengenezwa kubeba mkondo wa hezi 50, na haukuwekewa kinga ya kuzuia mawimbi kama kebo ya mawasiliano. Ukipitishiwa data kwa masafa ya kati ya megahezi 2 na 30, kama vifaa vingi vya aina hii vifanyavyo, sehemu ya nishati hiyo huvuja na waya wenyewe hugeuka antena. Hayo ndiyo masafa mafupi tunamosikiliza vituo vya mbali ambavyo mawimbi yao hutufikia yakiwa hafifu mno.

Mwanachama mmoja anayeishi kwenye jengo la ghorofa alituletea rekodi ya bendi ya mita 40, yaani masafa ya karibu megahezi 7. Kabla jirani yake hajachomeka kwenye soketi adapta mbili za kupitisha intaneti katika nyaya za umeme, sindano ya kipimo cha nguvu ya mawimbi, kinachosomwa kwa hatua za S, ilikaa S2. Baada ya hapo ilipanda hadi S8, na kilichosikika ni mlio wa kukatika-katika kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Kwa kuwa kila hatua ya S ni desibeli 6, ongezeko hilo ni desibeli 36, yaani nguvu ya kelele imeongezeka takriban mara 4,000. Katika hali hiyo hata megahezi 7.110, ambayo IARU, umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, Kanda ya Kwanza, imeiweka kuwa kitovu cha mawasiliano ya dharura, huzama kabisa. Jirani huyo alinunua adapta zake dukani kihalali, na nampongeza mwenzetu kwa kumwendea kwa staha. Wamekubaliana kutandaza kebo ya kawaida ya mtandao.

Wapo wanaoshauri tusubiri teknolojia hii ife yenyewe, wakitoa mfano wa Marekani. Mfano huo unahitaji kusomwa kwa makini. Oktoba 2004 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ilipitisha kanuni za kuruhusu huduma ya intaneti kupitia nyaya za umeme licha ya pingamizi la chama cha wanaredio wa ridhaa, ARRL, ambacho kilikwenda mahakamani. Aprili 2008 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamuru tume iweke wazi sehemu za tafiti za wataalamu wake ilizokuwa imezificha, na ieleze upya msingi wa kipimo ilichotumia kukadiria jinsi kelele zinavyopungua kadiri mtu anavyokuwa mbali na waya. Ulikuwa ushindi wa haki, lakini sioni kwamba ndio uliozima mitambo. Mji wa Manassas, Virginia, uliokuwa ukisifiwa kama kielelezo, ulifunga huduma yake mwaka 2010 wakati wateja walikuwa wachache na njia nyingine za intaneti zilikuwa zimeshaipita. Adapta za majumbani, ambazo hazihitaji mteja wa mji mzima, hazikufa.

Ulaya ilichukua njia ninayoiona bora zaidi. Kiwango cha EN 50561-1 cha mwaka 2013 kinazitaka adapta hizo ziache mapengo, yaani zisitumie masafa, katika bendi za redio ya ridhaa, na hakuna anayenyimwa intaneti kwa sababu hiyo. Tatizo letu ni kwamba kifaa cha zamani, au kilichotengenezwa bila kufuata kiwango hicho, bado kinaweza kuuzwa hapa.

Hata hivyo, tusilaumu kila waya. Mita za umeme zinazotuma taarifa kupitia nyaya kwa masafa yasiyozidi kilohezi 500 haziingii katika bendi zetu za masafa mafupi, na baadhi ya malalamiko tuliyopokea mwaka huu, tulipoyafuatilia, yaliishia kwenye chaja ya simu au taa ya LED ya bei rahisi iliyokuwa nyumbani kwa mlalamikaji mwenyewe. Ndiyo maana Kamati inaomba kila taarifa ya kelele ieleze saa, masafa, usomaji wa S na rekodi ya sauti, na ithibitishe kwamba redio ilijaribiwa kwa betri huku swichi kuu ya nyumba ikiwa imezimwa. Barua isiyo na vipimo hujibiwa kwa shukrani tu, kisha hufungiwa kwenye faili.

Kamati inaleta kwenu azimio la kuiandikia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, tukiiomba ifanye mapengo hayo kuwa sharti la kuidhinisha adapta za nyaya za umeme zinazoingizwa nchini. Rasimu ya barua, pamoja na rekodi ya mita 40 na vipimo vyake, itawekwa mezani kabla ya kura kupigwa.

Mwenyekiti